Neva iliyokatika haingoji printa ya Marekani

Majuzi alinijia nyumbani kijana mmoja wa mtaani kwetu hapa Nairobi, fundi wa milango ya vyuma katika karakana za jua kali. Mkono wake wa kulia alikuwa ameuficha mfukoni. Alipoutoa niliona kwamba nyama iliyo chini ya kidole gumba imenywea, na kidole chenyewe kimelala sambamba na vingine kana kwamba kimesahau kazi yake. Kwenye kifundo cha mkono palikuwa na kovu jembamba la jeraha lililoshonwa vizuri.

Miezi 8 kabla ya siku hiyo, bati lilimteleza likamkata. Alikimbizwa katika zahanati, jeraha likaoshwa na kushonwa, akadungwa sindano ya pepopunda, akapewa tembe za maumivu na kuambiwa aende zake nyumbani. Aliposema kwamba vidole vitatu vimekufa ganzi, alijibiwa kuwa ganzi hiyo itaisha yenyewe. Haikuisha. Wiki chache kabla ya kunijia alikuwa ameshika sufuria ya moto kwa vidole hivyo, na alijua kwamba anaungua aliposikia harufu.

Hakuja ili nimwonee huruma. Alinionyesha simu yake. Mlikuwa na habari kwamba huko Marekani wanasayansi wanachapisha njia za neva kwa mashine, kwa kutumia jeli, na kwamba panya waliokatwa neva za mgongo wameweza kusogeza miguu tena. Swali lake lilikuwa moja tu: "Mzee, nikiuza kile kiploti alichoniachia mama, nitaupata mkono wangu?"

Msomaji, swali hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu wiki hii. Nilimjibu hivi, na ndivyo ninavyokujibu wewe: sayansi hiyo ni ya kweli na inastahili kupongezwa. Hata hivyo, kilichomnyima kijana huyu mkono wake si ukosefu wa printa. Ni miezi 8 iliyopotea bure. Na hata siku ambayo printa hiyo itafika katika hospitali zetu, haitamfaa kitu mtu ambaye neva yake ilishonewa chini ya ngozi bila kuangaliwa na mtu yeyote.

Saa mbili zinazokimbizana

Ili uelewe kwa nini nasema hivyo, yafaa kwanza ujue neva ni kitu gani. Neva, au mshipa wa fahamu kama wengi wetu tuuitavyo, hufanana na waya mnene wa simu. Ukiukata utaona kwamba ndani mna nyaya nyembamba nyingi mno, na kila moja ina safari yake: hii inapeleka amri kwa msuli wa kidole gumba, ile inarudisha habari za joto kutoka ncha ya kidole cha shahada. Nyuzi hizo ni mikono mirefu ya seli ambazo viini vyake vimo ndani au kando ya uti wa mgongo.

Mnamo mwaka wa 1850, daktari Mwingereza Augustus Waller alichunguza neva za ulimi wa chura na kuonyesha kwamba uzi wa neva ukikatwa, sehemu iliyotengwa na kiini chake hunyauka. Sehemu ya juu, iliyobaki na kiini, haifi. Baada ya muda mfupi huanza kuchipua na kutafuta njia ya kurudi ilikokuwa. Hapo ndipo penye matumaini yote ya tiba hii.

Lakini chipukizi hizo huenda polepole. Kwa mtu mzima hukua takriban milimita 1 kwa siku, yaani kama sentimita 3 kwa mwezi. Hebu tufanye hesabu pamoja. Neva ikikatika kwenye kiwiko, na ikiwa kutoka hapo hadi misuli midogo ya mkono ni sentimita 30, safari hiyo itachukua kama miezi 10. Mwendeshaji bodaboda akianguka kwa bega na neva za shingoni zikakatika, chipukizi zina zaidi ya sentimita 60 za kwenda kabla ya kufika kiganjani. Hiyo ni karibu miaka 2.

Hiyo ni saa ya kwanza. Saa ya pili iko ndani ya msuli wenyewe. Msuli usiopata amri kutoka kwa neva hupungua, ukanyauka, na mwishowe hugeuka kuwa kama kamba na mafuta. Wataalamu hukadiria kwamba baada ya miezi 12 hadi 18 bila neva, msuli huwa vigumu mno kuamshwa tena. Neva yaweza kufika mlangoni na kukuta mwenye nyumba amekwisha kufa.

Kwa hivyo kila mwezi unaopita kabla ya neva kuunganishwa hukatwa katika muda wa msuli, na muda huo haurudishwi na mashine yoyote.

Kwa nini jeli?

Sasa turudi kwa ile habari iliyomvutia kijana wetu. Neva iliyokatwa safi kwa kisu au kioo, ikishughulikiwa katika siku za mwanzo, daktari mpasuaji huweza kuzishona ncha zake mbili zikagusana. Yeye hutumia darubini na uzi mwembamba kuliko unywele. Matatizo huanza pale kipande cha neva kinapokuwa kimesagika, au mgonjwa anapokuwa amechelewa na ncha zimevutika zikaachana. Hapo hubaki pengo. Chipukizi zikifika kwenye pengo bila kitu cha kuziongoza, hufanya kama maharagwe ya kutambaa yaliyonyimwa vijiti: hujisokota pale pale yakawa fundo. Fundo hilo huuma vibaya likiguswa.

Dawa ya pengo, tangu zamani, imekuwa kukata neva nyingine mwilini mwa mgonjwa na kuiweka hapo iwe daraja. Aghalabu huchukuliwa neva moja ya nyuma ya mguu. Mnamo 1972, Hanno Millesi na wenzake wa Vienna, Austria, walichapisha taarifa iliyowaonyesha madaktari jinsi ya kuyaunganisha mafungu ya nyuzi bila kuyavuta, na hadi leo njia hii ndiyo kipimo ambacho nyingine zote hulinganishwa nacho. Gharama yake ni kwamba mgonjwa hubaki na ganzi ya kudumu kando ya unyayo. Isitoshe, neva za akiba mwilini si nyingi.

Ndiyo maana kulitokea mirija ya viwandani. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 wapasuaji wamekuwa na mirija midogo inayoyeyuka mwilini, mingine ikitengenezwa kwa kolajeni, ambayo ncha mbili za neva huingizwa humo. Mirija hiyo husaidia mapengo mafupi, hasa yasiyozidi sentimita 3. Pengo likiwa refu zaidi, mrija mtupu huwa kama handaki lisilo na reli. Chipukizi huingia zikapotea.

Hapa ndipo jeli inapoingia. Huenda wewe mwenyewe unaivaa bila kujua. Mnamo 1960 wanasayansi wawili wa Czechoslovakia, Otto Wichterle na Drahoslav Lím, walieleza juu ya plastiki laini inayonywa maji na kukaa mwilini bila kuleta madhara. Mwishoni mwa 1961 Wichterle alitengeneza kwayo lenzi laini za macho, nyumbani kwake, kwa mashine aliyoiunda kwa vipande vya mchezo wa watoto. Jeli za namna hiyo huitwa haidrojeli. Sehemu kubwa ya uzito wake ni maji, ni laini karibu kama neva yenyewe, na huruhusu chakula na hewa kupita kuzifikia seli. Baadhi hutengenezwa kwa gelatini, ile ile itokayo kwenye ngozi na mifupa ya wanyama, na nyingine kwa mwani wa baharini.

Printa ya tishu huichukua jeli hiyo ikiwa bado majimaji na kuijenga tabaka kwa tabaka kufuata ramani ya kompyuta. Nyingine huikamua kama anayepamba keki. Nyingine humulika mwanga, na pale mwanga unapogusa, jeli hushikana. Kinachopatikana ni kiunzi kidogo chenye vijia vilivyonyooka, na ndani ya vijia hivyo huweza kutiwa seli hai au kemikali za kuzivuta chipukizi. Kwa ufupi, ni vijiti vya maharagwe vilivyopangwa kwa kipimo cha neva ya mgonjwa mwenyewe.

Mafanikio yapo. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani, Michael McAlpine wa Chuo Kikuu cha Minnesota akiwa miongoni mwao, walitangaza kwamba walichapisha kiongozi cha silikoni chenye umbo la panda kwa neva ya mguu wa panya, na panya hao wakaboresha mwendo wao baada ya wiki 10 hadi 12. Mwaka 2019 Shaochen Chen, Mark Tuszynski na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichapisha kwa haidrojeli kiunzi cha milimita 2 katika muda wa sekunde 1.6 tu. Walikitia seli changa za neva na kukipachika katika uti wa mgongo uliokatwa wa panya. Nyuzi mpya zilivuka, na panya wakarudishiwa sehemu ya uwezo wa kusogeza miguu ya nyuma. Hiyo ndiyo habari aliyoiona kijana wetu. Na huko Ujapani, Chuo Kikuu cha Kyoto kilitangaza mwaka 2023 matokeo mazuri ya wagonjwa 3 walioumia neva za mkono, ambao walitiwa mirija iliyochapishwa kwa seli zao wenyewe bila kiunzi cha jeli.

Panya si fundi wa vyuma

Basi mbona nisimwambie kijana auze kiploti?

Kwanza, panya ni mnyama mdogo. Pengo la sentimita 1 kwake ni kubwa, na safari nzima ya neva ya mguu wake ni fupi kuliko kiganja chako. Isitoshe, neva za panya hupona upesi kuliko zetu. Mara nyingi kilichofaulu kwa panya kimeshindwa kwa binadamu. Wagonjwa 3 wa Kyoto ni mwanzo mwema, lakini ni 3.

Pili, jeli yenyewe ina ukaidi wake. Ikiwa laini ya kuipendeza neva, haishiki uzi wa daktari. Ikiwa ngumu ya kushonwa, chipukizi haziipendi. Ikiyeyuka mapema, njia hupotea; ikichelewa, hugeuka kuwa kizuizi. Seli zinazokamuliwa kwa nguvu katika mdomo wa printa hufa nyingi, na zile zilizo katikati ya kiunzi kinene hukosa damu. Haya yote yanashughulikiwa na watu wenye akili na subira, lakini hayajamalizwa.

Tatu, na hili naomba ulishike sana, kuna watu wanaoishi kwa kuuza matumaini. Popote palipo na habari ya maabara, nyuma yake hufuata wakala anayemwahidi mgonjwa "seli" za kutibu kupooza, mradi alipe kwanza. Utafiti wa kweli haufanywi hivyo. Hapa Kenya, utafiti wa tiba kwa binadamu sharti upitishwe na kamati ya maadili, na majaribio ya dawa yaidhinishwe na Bodi ya Dawa na Sumu. Mgonjwa hupewa maelezo kwa maandishi, huelezwa hatari zake, na ana ruhusa ya kujitoa wakati wowote. Anayekudai mamilioni kabla hata hajakuonyesha kibali cha kamati hafanyi utafiti. Anafanya biashara, na bidhaa ni wewe.

Tunachoweza kufanya leo

Kwa maoni yangu, habari za printa zinatupofusha tusione jambo lililo karibu na miguu yetu. Tunaitazama San Diego ilhali katika kitengo cha majeruhi jeraha la kifundo cha mkono hushonwa pasipo mtu kumwomba mgonjwa asogeze kidole gumba. Uchunguzi huo hauhitaji umeme wala fedha za kigeni. Unahitaji dakika 2.

Nitakueleza jinsi unavyofanywa, kwa sababu hata wewe unaweza kuukumbusha. Mtu aliyekatwa mkononi, kabla hajachomwa ganzi ya kushonea, afumbe macho na aguswe polepole kwenye ncha ya kidole cha shahada, ncha ya kidole cha mwisho, na mgongo wa mkono kati ya gumba na shahada. Aseme anachohisi. Kisha agusanishe gumba na kidole cha mwisho, atanue vidole vyote, na ainue kiganja juu kama anayesimamisha matatu. Kwa jeraha la goti au la mguu, ainue unyayo kuelekea kwake. Lolote kati ya hayo likishindikana, au pawepo ganzi, ichukuliwe kwamba neva imeumia mpaka daktari athibitishe vinginevyo. Jeraha lioshwe na kufungwa, na mgonjwa apelekwe kwa mpasuaji katika siku hizo hizo. Asiambiwe angoje ganzi iishe.

Ajali za bodaboda ni habari nyingine. Huko ngozi huweza kuwa nzima kabisa ilhali neva za shingoni zimevutwa au kung'oka. Mkono uliolegea baada ya kuanguka kwa bega haupaswi kusubiri mwaka mzima wa kuchuliwa kwa mafuta. Mgonjwa aonwe na mtaalamu wiki za mwanzo, na ikiwa upasuaji unahitajika, hufaa zaidi kabla ya miezi 6 kwisha. Vilevile tuwe waangalifu na sindano za matakoni zinazodungwa watoto ovyo ovyo kwa kila homa. Sindano iliyokosewa mahali huweza kuumiza neva kubwa ya mguu na kumwacha mtoto akiburura unyayo maisha yake yote.

Serikali za kaunti nazo zina deni. Darubini ya upasuaji na fundi wa kuitumia havipaswi kuwa vitu vya kutafutwa Nairobi pekee. Chuo cha Wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999, kinafunza wapasuaji katika hospitali zetu wenyewe. Ufundi wa kushona neva upewe nafasi yake katika mafunzo hayo, na wahudumu wa zahanati wafundishwe ule uchunguzi wa dakika 2.

Usidhani kwamba ninaidharau printa. La hasha! Wakati wa janga la Korona mwaka 2020 mafundi wa Nairobi walichapisha vikinga-uso kwa mashine zao wenyewe, kwa hivyo mashine si ngeni kwetu. Ningefurahi kuona wanafunzi wa vyuo vikuu vyetu wakiingia katika utafiti wa jeli hizi mapema, badala ya kungoja kuuziwa. Lakini kiunzi bora kuliko vyote kikifika, kitashonwa na nani, na kwa mgonjwa gani? Kitahitaji daktari anayejua kushona neva, na mgonjwa aliyetambuliwa wakati msuli wake bado uko hai. Tukivipata hivyo viwili sasa, tutawaokoa wengi leo kwa njia za zamani, na tutakuwa tayari kwa njia mpya. Tusipovipata, printa itakuwa pambo.

Kijana wetu hakuuza kiploti. Alikwenda katika hospitali ya rufaa akapasuliwa, miezi 9 baada ya kuumia, akawekewa kipande cha neva kutoka mguuni. Daktari hakumdanganya. Alimwambia kwamba hisia huenda zikarudi kwa sehemu, lakini kuhusu nguvu za kidole gumba amechelewa, na asitarajie makubwa. Siku hizi hujigonga kwa kidole juu ya kovu, akishuka polepole kuelekea kiganjani, hadi apate mahali panapomtekenya kama umeme. Mahali hapo ndipo chipukizi zilipofika. Mwezi uliopita palikuwa karibu na kifundo. Mwezi huu pamesogea kwa upana wa kidole kimoja na nusu.

Amepaweka alama kwa kalamu. Laiti mtu angemwomba asogeze kidole gumba siku ile ya kwanza, leo angekuwa ameshika nyundo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu, msomaji, hujengwa kwa milimita 1 kwa siku.